Jiki yangu ni ya kufulia tu, kwa nini meli inaiita babuzi?

*Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Nipo Ngamiani, Tanga. Nanunua klorini ya maji kwenye madumu ya lita 20 kutoka Dar es Salaam, naizimua hadi asilimia tatu na nusu, naipaki kwenye chupa za lita moja na za lita tano, nauza kama jiki ya kufulia. Nimepata mteja Moroni, Komoro, anayetaka katoni 80 za kuanzia, na ameulizia pia madumu ya lita 20. Karani wa wakala wa meli aliposoma karatasi ya kiwandani akasema huu ni mzigo wa hatari, daraja la 8, lazima niutangaze. Mwenzangu ananiambia yeye vya kwake huandika "vifaa vya usafi" na hajawahi kuulizwa. Jiki inauzwa kila genge. Iweje leo iwe kitu cha kubabua watu? (Mama wa Jiki, Ngamiani)*

Wa alaykumu s-salaam, Mama wa Jiki.

Karani wako hakukosea kusoma, ila alichosoma si cha mzigo wako. Karatasi aliyoishika ni ya dumu lililotoka kiwandani, na kwa kawaida klorini ya aina hiyo huwa na nguvu ya asilimia 10 hadi 15. Wewe husafirishi dumu hilo. Unasafirisha kitu ulichokitengeneza mwenyewe kutoka humo, na kitu hicho bado hakina karatasi yake. Mkwamo wako wote umeanzia hapo.

La mwenzako nilimalize kwanza. Kuandika "vifaa vya usafi" kwenye mzigo wa klorini ni kutangaza uongo, na anayetia sahihi ndiye anayebeba lawama: si karani, si bandari, si nahodha. Kanuni za kimataifa za shehena hatarishi kwa njia ya bahari, zile zinazoitwa IMDG, ni za lazima tangu tarehe 1 Januari 2004 kwa meli za safari za nchi hadi nchi, na Tanga hadi Moroni ni nchi mbili. Kutoulizwa kwake si ruhusa.

Sasa tuingie ndani.

Neno babuzi, ambalo ndilo hilo daraja la 8, kwenye usafirishaji halina maana ya "kikali" tu kama tunavyosema mtaani. Lina vipimo, na vipimo hivyo vinauliza mambo mawili. La kwanza ni ngozi: je, kimiminika kikikaa kwenye ngozi nzima kinaiharibu hadi chini kabisa, na kwa muda gani? Kikifanya hivyo ndani ya dakika 3 au pungufu, kipo kundi la ufungashaji I, ambalo ni baya kuliko yote. Zaidi ya dakika 3 hadi 60 ni kundi II. Zaidi ya dakika 60 hadi saa 4 ni kundi III. La pili ni chuma: hata kama ngozi imesalimika, kimiminika kikila chuma cha kawaida au aluminiamu kwa kasi inayozidi milimita 6.25 kwa mwaka, kikipimwa kwenye joto la nyuzi 55, kinaingia daraja la 8, kundi III, basi.

Milimita 6.25 kwa mwaka haimwambii mtu kitu, kwa hiyo nikufanyie hesabu ya bati. Kwa wiki moja ni kama milimita 0.12. Bati jembamba la kuezekea lina unene wa kama milimita 0.3. Kwa kasi hiyo lingetoboka kabla wiki ya tatu haijaisha. Ukuta wa kontena na sakafu ya meli ni minene kuliko bati, lakini safari ina mivujo isiyoonekana, na kontena likifunguliwa Moroni hakuna anayejua chupa ilianza kuvuja siku gani. Ndiyo sababu chuma kimewekwa kwenye hesabu hii pamoja na mkono wa mchukuzi.

Nakumbuka watu wanavyoshangaa nikiwaambia kuhusu aluminiamu. Wanasema jiki hukaa kwenye ndoo, hukaa kwenye beseni, haijatoboa kitu. Ni kweli, ndoo ni ya plastiki. Chukua kifuniko cha sufuria kuukuu, kidondoshee matone ya jiki isiyozimuliwa, kiache kibarazani hadi kesho yake. Kifute. Utaona pale yalipokaa matone pamepoteza mng'ao, pana ukungu mweupe, na ukipitisha ukucha unahisi pamekwaruza. Ulaji wa klorini haupendi kulamba uso mzima sawasawa. Huchimba vishimo. Na maabara haipimi uzito uliopotea peke yake, hupima pia kina cha vishimo, kwa sababu kontena huvuja kwa tundu moja tu.

Na ngozi? Ulipokuwa unapaki bila glavu (usinikatalie, wote mnafanya) umewahi kuhisi vidole vinateleza kama umeshika sabuni, na ukisuuza utelezi hautoki upesi. Hiyo si klorini. Ni kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Viwanda huacha kostiki kidogo ndani ya klorini ya maji ili isioze haraka, na kostiki ikikutana na mafuta ya ngozi yako huanza kuyageuza sabuni papo hapo. Unateleza kwa sabuni iliyotokana na wewe mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kuhusu kuzimua. Ukitoa asilimia 12 ukaifanya tatu na nusu, umeongeza lita 2.4 za maji kwa kila lita moja. Unajisemea nguvu imeshuka zaidi ya mara tatu, basi na ukali umeshuka hivyo hivyo. Kwa klorini ni sawa. Lakini pH, yaani kipimo cha utindikali au ukostiki wa kimiminika, haiendi kwa hesabu ya kugawanya: kuzimua mara tatu na kitu kunaishusha kama nusu nukta tu. Dumu lenye pH 13 likizimuliwa hivyo hutoa chupa yenye 12.5, na kimiminika chenye pH ya 11.5 au zaidi huanza kutazamwa kwa jicho la kuharibu ngozi hadi data nyingine iseme vinginevyo. Ila nusu nukta hiyo ina maana kwa aliye karibu na mpaka. Kwa hiyo usikisie. Pima.

Turudi kwenye orodha. Klorini ya maji ina jina lake kabisa kwenye orodha ya shehena hatarishi: namba ya Umoja wa Mataifa UN 1791, "HYPOCHLORITE SOLUTION", daraja la 8, kundi II au III. Jina hili huandikwa hivyo hivyo kwa Kiingereza kwenye hati, usilitafsiri wala kulipamba. Kuna wazee wa kazi hii watakaokwambia chini ya asilimia 5 ya klorini hai, yaani ile inayofanya kazi, haihesabiwi. Ni mpaka wa vitabu vya zamani, na nimewahi kuuona ukitajwa kwenye barua za viwanda kama aya ya msahafu. Kwenye orodha ya leo, mstari wa UN 1791 hauna asilimia hiyo. Una kitu kingine: kifungu maalumu namba 223, kwenye kundi III. Kinasema, kwa lugha yangu, kama kimiminika chako kimepimwa na hakifikii vigezo vya daraja la 8 wala daraja jingine lolote, basi hakibanwi na kanuni hizi, isipokuwa kwa upande wa uchafuzi wa bahari.

Shika neno "kimepimwa". Jina lako lipo kwenye orodha. Kutoka kunataka ushahidi, kubaki hakutaki. Anayesema "yangu ni laini, ya kufulia" ndiye anayepaswa kuonyesha karatasi. Karani hana kazi ya kukuthibitishia kwamba ni kali.

Na maoni yangu kuhusu asilimia tatu na nusu? Kwenye ngozi, jiki ya nguvu hiyo yenye kostiki kidogo ina nafasi nzuri ya kupita. Kwenye aluminiamu nisingeweka dau. Huhitaji sungura wala mkono wa mtu kulijua hili. Kuna vipimo vya ngozi ya kutengenezwa maabara, kuna hesabu ya mchanganyiko inayotumia asilimia za viambato, na kipimo cha chuma ni vipande vya chuma na aluminiamu vinavyochovywa kwa siku saba au zaidi kwenye joto lile la 55. Ukiwa na mpango wa kupeleka Moroni kila mwezi, kipimo kitajilipa. Kwa katoni 80 za majaribio, nakwambia wazi: usihangaike. Peleka kama UN 1791 kundi III, nitakuonyesha mzigo wake ulivyo mwepesi.

Lakini kabla ya hapo, lile neno "isipokuwa".

Tuseme umepima, ngozi imepita, chuma kimepita. Unadhani umetoka. Bahari inakuita. Klorini ni sumu kali kwa viumbe vya majini, hata kwa kiasi kidogo mno, na kwenye hesabu za Ulaya sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo hiyo klorini yako ya maji, imepewa kizidishi cha 10. Maana yake asilimia yako unaizidisha mara kumi, na ikifika 25 mchanganyiko mzima unahesabiwa ni hatari kwa viumbe wa majini. Asilimia 3.5 ya sodiamu haipokloraiti ni kama 3.3 ya klorini hai. Mara kumi ni 33. Umepita. Hata jiki ya asilimia mbili na nusu ya klorini hai ingenaswa. Kwa hiyo dumu la lita 20 lililosalimika na daraja la 8 linaangukia daraja la 9, UN 3082, kitu cha kuhatarisha mazingira, chenye ile alama ya samaki aliyekufa na mti mkavu.

Chupa ndogo zina nafuu. Kanuni inasema vichafuzi vya bahari vilivyomo kwenye vifungashio visivyozidi lita 5 kila kimoja vinaachiwa masharti hayo, mradi vifungashio viwe imara na vimefungwa vizuri. Chupa zako za lita moja na za lita tano zinapita hapo. Madumu hayapiti. Jiki ile ile, siku ile ile, kutoka pipa moja: ikiwa kwenye chupa ya lita tano ina hadhi moja, ikiwa kwenye dumu ina nyingine. Watu hukasirika wakisikia hivi. Mimi naona ina akili, maana chupa ikipasuka ndani ya katoni ni kero, dumu likipasuka ni tukio.

Sasa wepesi niliokuahidi. UN 1791 kundi III inaruhusiwa kusafiri kwa utaratibu wa kiasi kidogo, yaani chupa ya ndani isizidi lita 5 na katoni nzima isizidi kilo 30. Katoni ya chupa 12 za lita moja haifiki hata kilo 15. Katoni ya chupa nne za lita tano ni kilo ishirini na kitu. Zote zinaingia. Katoni hizo hazihitaji lebo ya daraja la 8, ile yenye kimiminika kinachotonea mkono na bamba. Zinahitaji alama moja: mraba uliosimama kwenye pembe, juu na chini vyeusi, katikati pameachwa peupe, pande zake milimita 100. Mtu wa stesheneri anakuchapia. Katoni yenyewe haihitaji ile mihuri ya kufaulu majaribio ya UN, ingawa usichukue katoni iliyochoka ya biskuti ukaigeuza ndani nje.

Lakini hati ya shehena hatarishi bado inatakiwa: namba, jina, daraja, kundi, idadi na uzito, na maneno "LTD QTY". Baharini, kiasi kidogo hupunguza alama na vifungashio, hakifuti hati. Wengi waliozoea malori hukwama hapo.

Mtasikia pia karani fulani akishtuka kwa neno haipokloraiti peke yake. Ana sababu, ila anachanganya ndugu wawili. Klorini ya unga, ile ya mabwawa ya kuogelea na visima, ni kalisiamu haipokloraiti, si sodiamu. Yenyewe ni daraja la 5.1, inachochea moto, na ikipata joto inaweza kujichemsha hadi kulipuka. Mwaka 1998 meli ya makontena Aconcagua ilipata mlipuko kwa kontena la unga huo lililowekwa karibu na tangi la mafuta yaliyopashwa moto, na mwaka uliofuata CMA Djakarta ikaungua kwa unga huo huo. Tangu hapo makampuni mengi ya meli yana masharti yao wenyewe, makali kuliko kanuni. Mwandikie wakala mapema: ni kimiminika, ni sodiamu, asilimia 3.5. Maneno hayo matatu huondoa nusu ya maswali.

Ya kwako ya maji haiwaki. Ina ubaya wa aina nyingine, nao ni majirani. Niliwahi kuitwa Muheza kukagua lori lililosimama kando ya barabara, limetoka Dar es Salaam na mzigo wa mchanganyiko wa wenye maduka. Chini madumu ya klorini, juu yake maboksi ya dawa ya kusafisha vyoo, ile yenye tindikali. Boksi moja limepasuka, dumu moja kofia yake imelegea. Turubai lilipofunuliwa tu, utingo akarudi nyuma macho yanamtiririka. Tindikali ikigusa jiki inafukuza gesi ya klorini, na gesi hiyo ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa. Haipandi ikaondoka. Inakaa chini, kwenye sakafu ya lori, na kwenye jahazi inakaa ngamani, pale anaposhushwa kijana kufua maji. Kwa hiyo hata ukipeleka katoni tatu Wete kwa mashua, ambako hakuna karani wa kukuuliza, mwambie nahodha ni nini na asikuwekee karibu na maji ya betri.

Tazama pia kofia zako. Jiki huoza yenyewe taratibu, ikitoa oksijeni, na joto la Tanga huiharakisha, sembuse ndani ya kontena lililokaa juani. Chupa iliyojazwa hadi shingoni na kukazwa kwa kofia isiyopumua huvimba, kitako kikawa mviringo, haisimami. Acha nafasi juu. Tafuta kofia zenye tundu la kupumua, kisha katoni zisimame wima na mishale ichapwe pande mbili. Chupa iwe plastiki nzito isiyopitisha mwanga. Zile angavu za maji ya kunywa ziache kabisa: mwanga unaiua jiki, na mtoto akiiona anajua moja tu, kwamba ni maji. Na ukizimua, usitumie maji ya kisima yenye kutu. Chembe za chuma zinaozesha klorini, mteja atapokea asilimia mbili akadhani umemwibia.

Kwa mpangilio: mwombe mkemia akuandikie karatasi ya usalama ya bidhaa yako, si ya dumu, yenye asilimia halisi, pH iliyopimwa na kipengele cha 14 cha usafirishaji kilichojazwa. Kipengele hicho kikisema "haihusiki" wakati cha 9 kinasema pH 12.5, muulize amejuaje. Usajili wako kwa Mkemia Mkuu wa Serikali uwe hai, kwa sababu kupaki upya kemikali ni kazi inayohitaji kusajiliwa chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, na wakala mwangalifu atauulizia.

Madumu ya mteja wako yasubiri. Hayaingii kwenye kiasi kidogo, kwa hiyo yanataka dumu lenye alama ya UN iliyogandamizwa kwenye plastiki yenyewe, inayoanza na 3H1 na kuonyesha mwaka wa kutengenezwa, maana la plastiki kwa kawaida huruhusiwa miaka mitano tu kwa mzigo wa hatari. Yaliyotoka na mafuta ya kula hayana alama hiyo, hata yaoshwe mara saba. Dumu jipya la aina hiyo, pamoja na lebo zake, litapandisha bei yako. Mpigie mteja sasa, kabla hajakutumia malipo ya awali ya katoni akidhani madumu yanafuata kwa bei ya Ngamiani.